Muulize Tabibu: Wanaosinzia Mchana

Tangu nijibu swali la mama mmoja wa Busia kuhusu mtoto anayekoroma, barua za usingizi hazijakoma. Zinatoka kwa wake za madereva, kwa walinzi, kwa wazazi wenye watoto bodingi, na karibu zote zina maneno yaleyale: mvivu, amerogwa, ana pepo. Mwezi huu nimeweka maswali mengine kando ili nizijibu hizi. Kliniki yangu hapa Tororo iko karibu na barabara ya malori, na jambo hili naliona likiingia mlangoni kwa majina mengine: presha, kichwa kuuma, ajali.

Kabla ya barua, naomba msomaji atenganishe uchovu na usingizi. Mtu aliyechoka anataka kupumzisha mwili, lakini ukimpa kitanda saa nane mchana anaweza kukaa anatazama dari tu. Mwenye usingizi, akikaa tu, ameshalala. Ukija kwangu ukasema "mwili hauna nguvu", nitaanza na damu, malaria na sukari. Ukisema "nasinzia nikiwa naongea na mteja", nitaanza kukuuliza habari za usiku wako, na ukija na mtu mnayelala chumba kimoja nitafurahi zaidi.

ANALALA NA TONGE MKONONI

"Tabibu, salamu. Mume wangu ni dereva wa trela, anabeba makontena kutoka Mombasa hadi Kampala. Akiwa nyumbani anakoroma mpaka majirani wananitania. Katikati ya kukoroma ananyamaza kabisa, nahesabu moyoni nikiogopa, halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, anaendelea. Asubuhi anaamka kichwa kinamuuma. Mchana analala popote, juzi alilala na tonge la posho mkononi. Ana presha, anameza dawa lakini haishuki. Tanboi wake ameniambia kwa siri kwamba karibu waingie mtaroni Bugiri. Wenzake wanampa mairungi (miraa). Mama mkwe anasema kuna mtu amemfanyia kitu. Nifanye nini, na je, tajiri wake akijua atamfukuza?" — Mke wa dereva, Malaba

Dada yangu, umenieleza jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulijua, kwa sababu linatokea akiwa amelala. Barua yako ingemfikia daktari yeyote anayejua kazi yake, angeanza kushuku ugonjwa kabla hajamwona mgonjwa.

Kukoroma peke yake ni jambo la watu wengi na wengi hawana shida. Kinachonitia wasiwasi ni ule ukimya unaouhesabu. Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine, hasa walionenepa shingoni, wenye taya dogo au tonsili kubwa, njia ya hewa inajifunga. Fikiria mrija wa karatasi uliolowa soda: kadiri unavyonyonya kwa nguvu, ndivyo kuta zake zinavyogusana na kuziba. Kifua cha mumeo kinapanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka katika damu. Baada ya sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi, ubongo unamwamsha kidogo tu, koo linafunguka kwa kishindo, na anarudi usingizini bila kukumbuka lolote. Hali hii inaitwa apnia ya usingizi. Pumzi ikikatika au kupungua hivyo mara 5 kwa saa, tayari tunaihesabu kuwa tatizo. Ikifika mara 30 kwa saa, ni kali. Mtu wa namna hiyo akilala saa 7, usingizi wake umekatwa zaidi ya mara 200. Yeye atakuapia kwamba amelala usiku kucha, na hasemi uongo.

Sasa angalia mengine uliyoyataja. Kichwa kuuma asubuhi, presha isiyosikia dawa, kulala na chakula mkononi: yote yanaweza kuwa na chanzo kimoja. Kila pumzi inapokatika, mwili unamwaga homoni za hatari, mishipa inakaza na moyo unapiga kwa nguvu, katikati ya usiku ambapo ulipaswa kupumzika. Kwa hiyo watu wanamwongezea vidonge vya presha, na hakuna anayemuuliza mkewe anakoroma vipi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu swali lenyewe halina gharama.

Usiku akirudi, fanya hivi. Akishapitiwa, chukua simu umrekodi dakika chache, video ionyeshe kifua na sauti isikike. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Kisha mpeleke kliniki yoyote wapime presha, sukari na uzito. Mimi nina futi ya fundi cherehani mezani kwa kazi hii moja: naizungusha shingoni, chini kidogo ya kikoromeo, bila kukaza. Mwanaume akifika inchi 17, mwanamke inchi 16, shaka yangu inaongezeka. Halafu namwambia afungue mdomo atoe ulimi bila kusema "aa". Wengi wa wanaokoroma hivi, huoni kimio wala ukuta wa nyuma wa koo; unaona ulimi tu na kaakaa limeshuka.

Kuna maswali mengine ambayo unaweza kumuuliza hapohapo nyumbani. Yaliandaliwa na daktari Murray Johns katika hospitali ya Epworth, Melbourne, mwaka 1991, na bado yanatumika duniani kote. Unamtajia hali 8, naye anajipa alama kuanzia 0, yaani siwezi kusinzia, hadi 3, yaani kuna uwezekano mkubwa nisinzie: akiwa anasoma, akiangalia televisheni, akikaa kimya kwenye mkutano au kanisani, akiwa abiria kwenye gari saa nzima bila kusimama, akijinyoosha alasiri, akikaa anaongea na mtu, akikaa kimya baada ya chakula cha mchana bila pombe, na akiwa kwenye gari lililosimama dakika chache katika jam. Jumla ikizidi 10, usingizi huo si wa kawaida. Tatizo ni kwamba dereva anayeogopa kupoteza kazi anajipa alama ndogo. Kwa hiyo mjibie wewe pia, kando, halafu mlinganishe.

Matibabu yapo. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mara nyingi pumzi inakatika mara chache zaidi. Alale kwa ubavu: mshonee mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, utie mpira mdogo ndani, akigeuka chali utamsumbua arudi ubavuni. Pombe ya jioni aache, kwa sababu inalegeza koo zaidi, na dawa za usingizi asiguse kabisa. Kwa apnia kali dawa kubwa ni mashine inayosukuma hewa taratibu kupitia kinyago cha puani ili koo lisijifunge. Aliyeitengeneza ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, mwaka 1981. Mashine hiyo ni ghali na kwetu haipatikani kila mahali, sikufichi. Anzeni kwa rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo, Mulago au hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, mkiwa na ile video.

Kuhusu barabara sitazunguka: mpaka atibiwe, asiendeshe usiku, na akianza kupiga miayo mfululizo, kusahau kilomita chache alizopita au kukanyaga mstari wa pembeni, asimame. Asisubiri Jinja. Naluwerere pale madereva wanapopumzika panatosha. Anywe kahawa moja halafu alale dakika 20 hapohapo kwenye kabini. Kahawa itakuwa imeanza kazi akiamka. Ila hiyo ni ya kumfikisha salama siku hiyo, si tiba. Mairungi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinazima hisia ya usingizi tu, deni lenyewe linabaki, na linalipwa kwa ghafla, mara nyingi kati ya saa nane usiku na alfajiri. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mikono na macho yake yanafanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Na huyo alikuwa mtu mzima wa afya; sembuse mgonjwa.

Kuhusu tajiri wake, siwezi kukuahidi moyo wa mtu. Lakini mweleze hivi: dereva mwenye apnia akitibiwa, usingizi wa mchana unapungua sana, na anabaki kuwa dereva yuleyule mzoefu. Asiyetibiwa ndiye hasara. Tanboi aliyekuambia siri, mshukuru. Na mama mkwe umpe heshima yake, usigombane naye. Mwonyeshe ile video aone mwanawe anavyohangaika kupata hewa.

BINTI ANAANGUKA AKICHEKA

"Mama Tabibu, binti yangu ana miaka 15, yuko Senior Two bodingi. Tangu mwaka jana analala darasani, kwenye mtihani, hata paredi akiwa amesimama. Walimu wamemchapa, wamemwambia afagie uwanja, bado analala. Kitu kinachonitisha: akicheka sana magoti yanalegea, kichwa kinaanguka mbele, mara moja alianguka chini kabisa, lakini alisikia kila kitu tulichosema. Usiku anakabwa na jinamizi, anasema anaona mtu amesimama mlangoni naye hawezi kusogea. Bibi yake anasema ni pepo. Tumemwombea. Shule sasa wamemrudisha nyumbani." — Mama mwenye huzuni, Mbale

Mama, pole sana, na mpe pole binti kutoka kwangu. Naomba viboko viishe leo. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni, na kwa mtoto huyu hata bila sheria hakuna kosa la kuadhibiwa.

Kwa kawaida mzazi akiniandikia kwamba mtoto wa bodingi anasinzia, namuuliza ratiba kwanza. Shule nyingi zetu zinawaamsha watoto saa kumi usiku wakasome, na jioni prepu inaisha saa nne au tano. Hapo mtoto amelala kwa muda wa saa 5 au 6 tu. Wa umri wake anahitaji saa 8 hadi 10. Nawaona wazazi wakilipa karo ya shule inayosifiwa kwa kuamsha watoto mapema, wakati mtoto aliyekosa usingizi hakumbuki alichosoma, kwa sababu ubongo unayapanga mafunzo ya mchana usiku, tukiwa tumelala. Walimu wakuu wanaosoma safu hii, naomba mlifikirie jambo hilo. Mkiongeza saa moja na nusu tu ya kulala mtaona tofauti darasani.

Lakini binti yako ana zaidi ya ratiba. Magoti kulegea anapocheka, akiwa na fahamu zake zote, ni dalili ambayo magonjwa machache sana yanayo. Ukiiunganisha na usingizi wa ghafla mchana, na kukabwa usiku, na kuona mtu mlangoni, naona picha ya nakolepsia. Daktari Gélineau wa Ufaransa aliupa ugonjwa huu jina mwaka 1880, na kwa zaidi ya miaka mia hakuna aliyejua chanzo chake. Mwaka 1998 watafiti waligundua kemikali ya ubongo inayoitwa oreksini, ambayo kazi yake moja ni kutuweka macho kwa uthabiti. Katika nakolepsia ya aina hii, seli zinazotengeneza oreksini zimekufa karibu zote. Inaaminika kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayozishambulia. Katika nchi zilikopimwa sana, unampata takriban mtu 1 kati ya 2,000, na mara nyingi huanza katika ujana, umri uleule wa binti yako.

Nikueleze yale ya usiku, kwa sababu najua ndiyo yanayomtisha zaidi. Tukiwa katika usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza karibu misuli yote ya mwili ili tusiamke tukatekeleza tunachokiota. Kwa mwenye nakolepsia mlango kati ya ndoto na kuamka haufungi vizuri. Anaweza kuamka macho wakati mwili bado umelegezwa na ndoto bado inaendelea: anakiona chumba chake halisi, na ndani yake anamwona mtu wa ndotoni. Akicheka mchana, ule ulegevu wa ndotoni unakuja akiwa macho. Watu wengi wasio na ugonjwa wowote nao hukabwa na jinamizi mara moja moja, hasa wakilala chali wakiwa wamechoka. Mwambie hayo kwa upole, usiku ukaribie akiwa anajua kinachokuja na kwamba kinapita ndani ya dakika chache. Maombi yaendelee kama mlivyozoea, lakini asiambiwe tena kwamba kuna kitu kimemwingia.

Daktari atataka kwanza kuhakikisha si kifafa. Kitakachomsaidia ni maelezo yako: je, anasikia akiwa ameanguka? Je, inatokea akicheka, akishtuka au akikasirika? Je, anajikojolea, anang'ata ulimi? Uliyoandika yanaegemea mbali na kifafa, ila apimwe. (Wazazi wa Kitgum, Pader na Lamwo, ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa ulioko huko ni jambo tofauti: kichwa kinaanguka mbele mara kwa mara, mara nyingi mtoto akiona chakula, na hiyo ni aina ya kifafa yenye dawa zake. Msiuchanganye na huu.) Mwanzo mzuri ni hospitali ya rufaa hapo Mbale, uombe barua ya kumwona daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Kipimo kamili cha nakolepsia ni kulala hospitali usiku mmoja ukifuatwa na vipindi vya kulala mchana, wakipima anapitiwa kwa dakika ngapi na anaingia ndotoni upesi kiasi gani. Kinahitaji vifaa ambavyo ni vigumu kupatikana, kwa hiyo mara nyingi daktari mzoefu anaamua kwa historia. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa kukosa mashine.

Ugonjwa huu hauponi, lakini unaishi nao. Zipo dawa za kumweka macho mchana, na dawa za sonona kwa kipimo kidogo huzuia kule kuanguka. Kinachosaidia hata kabla ya dawa ni usingizi mfupi uliopangwa: dakika 15 hadi 20 baada ya chakula cha mchana, na mwingine kabla ya prepu. Wenye ugonjwa huu huamka wakiwa wepesi kabisa kwa saa moja au mbili. Nimekuandikia barua ya mwalimu mkuu, ipige chapa uipeleke na ya daktari: inamwombea kitanda kwenye chumba cha mgonjwa nyakati hizo, muda wa ziada kwenye mtihani, na ruhusa ya kusimama nyuma ya darasa usingizi ukimjia. Asiogelee peke yake, asiachwe peke yake na sigiri yenye moto wala sufuria ya maji yanayochemka, na asipande boda boda peke yake bila mtu wa kumshika nyuma. Mengine yote ya ujana afanye, na kucheka acheke. Wapo wanaojizuia kucheka ili wasianguke, nami nisingependa binti yako awe mmoja wao.

JE, UGONJWA WA MALALE UMERUDI?

"Mimi ni mzee wa Koboko. Tulipokuwa vijana timu za malale zilikuja kutupapasa shingo na kuchukua damu. Siku hizi hatuwaoni. Shemeji yangu, mkulima, shamba lake liko karibu na mto. Tangu msimu uliopita analala mchana kutwa, usiku anazunguka ua akiongea peke yake. Amekonda, amekuwa mkali. Wamemtibu malaria tena na tena. Vijana wanasema ni pombe, lakini hanywi." — Mzee, Koboko

Mzee wangu, umemwona vizuri shemeji yako. Apelekwe hospitali wiki hii, na wakifika mtamke mbele ya daktari neno "malale", kwa sababu wauguzi wengi vijana hawajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja.

Watu hudhani mgonjwa wa malale analala sana. Ukimpima saa zote 24, jumla ya usingizi wake si kubwa kuliko yako. Kilichoharibika ni saa ya mwili: vimelea vinapoingia katika ubongo, usingizi unatawanyika, mchana anasinzia na usiku anatembea. Hicho ndicho ulichokieleza. Mpapase nyuma ya shingo, chini ya nywele; tezi zilizovimba, laini, zinazoteleza chini ya kidole, ni dalili ya zamani ambayo timu zile zilikuwa zinaitafuta kwenu.

Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za ugonjwa huu. Wa kwenu West Nile unakwenda polepole, miezi hata miaka, na unatoka kwa mtu hadi mtu kupitia mbung'o wa kando ya mito. Wa Busoga, Teso na Lango unakimbia, unaua kwa wiki au miezi, na hifadhi yake ni mifugo, hasa ng'ombe. Wazee wa kando ya Ziwa Viktoria walisimuliwa na babu zao: mwaka 1901 madaktari wa Mengo, Albert Cook na nduguye Jack, waliwatambua wagonjwa wa kwanza, na katika miaka michache iliyofuata zaidi ya watu 200,000 walikufa Busoga na visiwani. Entebbe ndiko watafiti Castellani na Bruce walikothibitisha mwaka 1903 kwamba chanzo ni vimelea na mbebaji ni mbung'o.

Hamwoni timu siku hizi kwa sababu nzuri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeushinda ugonjwa wa aina ya kwenu kama tatizo la afya ya umma. Maana yake ni wagonjwa wachache sana, chini ya 1 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka. Sio kwamba hayupo hata mmoja. Congo, ng'ambo tu ya mpaka wenu, ndiyo yenye wagonjwa wengi zaidi duniani, na watu na mbung'o hawaombi pasipoti. Vile vitambaa vidogo vya buluu mnavyoviona kando ya mito vina dawa ya kuua mbung'o. Tafadhali waambieni watoto wasiving'oe.

Habari njema ni dawa. Bila shaka unakumbuka sindano ya zamani iliyounguza mishipa, yenye arseniki, ambayo iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliopewa. Sasa kuna vidonge, feksinidazoli, vinavyomezwa siku 10 pamoja na chakula, na havilipiwi. Wengine bado watahitaji kutolewa maji ya uti wa mgongo ili ijulikane ugonjwa umefika wapi. Kituo cha afya cha Omugo kimewatibu wagonjwa wa malale kwa miaka mingi, kama vile hospitali ya Lwala, Kalaki (zamani Kaberamaido), kwa upande wa Teso. Waulizeni kituo chenu kinapeleka wapi sasa. Na kama kipimo kikisema hapana, msirudi nyumbani kabla hawajampima VVU, kaswende, sukari na kifua kikuu, kwa sababu hayo nayo hubadilisha usingizi na akili ya mtu.

NAUZA NYANYA, NIMECHOKA, NAKULA BUMBA

"Tabibu, nina miaka 29, nauza nyanya sokoni Iganga. Nachoka mpaka nalaza kichwa mezani, lakini silali. Hedhi yangu ni nzito. Nanunua bumba, ule udongo wa kula, kila siku kulitafuna." — Muuza nyanya

Dada, wewe ni mchovu, si mwenye usingizi, umelieleza mwenyewe. Hamu ya udongo na hedhi nzito zinanielekeza kwenye upungufu wa damu. Nenda upime kiwango cha damu. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu. Pima na malaria na minyoo, na hakikisha huna mimba. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma usivimeze na chai, maana chai inazuia visifyonzwe; meza na chungwa au maji, umalize miezi yote utakayoambiwa hata ukijisikia nafuu mapema. Mara nyingi hamu ya bumba huondoka yenyewe damu ikipanda. Na hedhi hiyo uwaambie, isipite kimya.

MLINZI WA USIKU

"Nalinda duka Kampala, naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mchana napiga vibarua. Nasinzia na bunduki." — Askari

Kaka, hapa hakuna ugonjwa wa kutafuta kwanza. Unalala lini? Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na mwili wako unataka kulala wakati uleule wanapokulipa ukeshe. Ukitoka lindo nenda moja kwa moja kitandani, usipitie kibarua. Nyumba ya mabati inawaka kuanzia saa nne, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa yako ya thamani. Funga dirisha kwa kitambaa kizito, waombe wa nyumbani wapunguze redio, simu uizime. Kahawa kunywa mwanzo wa zamu tu. Ukiinywa alfajiri, baada ya saa 5 hivi nusu ya nguvu yake bado iko mwilini. Ukiweza, lala saa moja kabla ya kuingia kazini. Najua vibarua vinalipa karo ya watoto, wala sisemi uviache vyote. Chagua siku, usifanye kila siku. Na kampuni inayompa bunduki mtu aliyekesha siku sita mfululizo inapaswa kumpa na siku ya kulala. Hilo waambieni mkiwa wengi, msiende mmoja mmoja.

DAWA YA MAFUA

"Nameza Piriton kila siku kwa sababu ya kuwashwa. Kazini nalala. Je, vinahusiana?" — Fundi cherehani, Soroti

Ndiyo. Dawa hiyo inaingia ubongoni na kuleta usingizi, na unaweza kuendelea hata kesho yake. Mwombe muuza dawa loratadini, ambayo kwa watu wengi haileti usingizi, na kuwashwa kwa kila siku kuchunguzwe chanzo chake. Zipo nyingine zenye tabia hiyo: fenobabitoni ya kifafa, amitriptilini, diazepamu, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika na za kikohozi. Za kifafa usiziache ghafla hata ukisinzia, utaanguka. Weka kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, hata mitishamba, uende nao kwa tabibu wako akague kimoja kimoja.